Wembe wa Pajani

Mzee Stanley Wojcik alikuwa amepakwa povu mpaka masikioni, na bado hakunyamaza.

"Haya, anza upuuzi wako."

Russell aliulaza wembe wa plastiki kwenye paja la jinzi yake kuukuu, akausukuma kinyumenyume, tena na tena. Ni wembe uleule aliomnyolea mzee wakati wa theluji, na sasa miti ya mji wa Youngstown ilikuwa imechanua.

"Wembe wa kutupa," mzee alisema. "Wa kutupa, Russell! Hata jina limekwambia la kufanya."

"Makali bado yapo, Mzee."

"Utanifundisha mimi makali? Mimi kinyozi! Nilinoa wembe kwenye ukanda wa ngozi ya farasi. Leo wembe unaonigusa shingo unanolewa kwenye suruali! Wateja wangu walioko makaburini wakisikia, watafufuka waje kunicheka."

Kiharusi kilikuwa kimemnyang'anya mkono wa kulia, kikamwachia ulimi. Ulimi huo haukumpumzisha Russell tangu siku ya harusi. Ulimsema kwa suti yake ya kuazima. Ukasema mwanamume anayechemsha kahawa ileile mara mbili hawezi kumtunza Denise.

"Sijui binti yangu aliona nini kwako."

"Inua kidevu, Mzee."

Wembe ukateremka shingoni polepole, haukuvuta hata udevu mmoja. Mzee akafumba macho. Alipogundua kwamba ameyafumba, akayafumbua haraka.

"Ubahili huu uliupata wapi? Kwa baba yako?"

"Kiwanda cha chuma kilipofungwa, nyumbani kwetu hatukutupa kitu."

"Kwetu pia kilifungwa. Tulikosa nyama, hatukukosa aibu."

Russell alisuuza wembe. Ilikuwa siku ya kuzaliwa ya mzee na alitaka kumaliza kumnyoa mapema, kabla Denise hajaleta keki. Lakini shavu la kushoto lilikuwa bado jeupe kwa povu gari liliposimama nje.

Denise aliingia, akaweka keki mezani, akambusu baba yake kwenye shavu lililokwisha kunyolewa.

"Hujambo, Russell," alisema, akiwa tayari ameangalia pengine.

Nyuma yake aliingia mwanamume mrefu mwenye koti zuri, ameshika kisanduku kilichofungwa utepe.

"Mashine ya kunyolea, Baba. Ya umeme," alisema kwa furaha. "Tangu nimwoe Denise baada ya talaka yake nakuona unateseka na huo wembe wa Russell. Hebu nikumalizie mimi."

Russell akakunja taulo lake, akainuka.

"Kaa!" mzee alimfokea. Kisha akamgeukia yule wa kisanduku, povu likimdondoka kidevuni.

"Wewe subiri nje. Mkwe wangu hajamaliza."