Msamaha wa Mtoto wa Watu

Zama hizo posta ya mtandao ilikatazwa kumrudishia mtumaji ujumbe uliokosa anwani. Simu mbovu ikiharibu anwani, mtambo unakisia wenyewe, unampelekea yeyote mwenye anwani inayokaribiana. Basi mzee Mghanga, na simu yake ile kongwe, akamwomba bintiye Mkamburi radhi kwa kutokwenda kumzika mjukuu. Jibu likaja: "Nimekusamehe, baba."

"Si nilikwambia Mkamburi ana moyo?" mkewe akasema, anajifuta machozi. "Leo utakula, mzee wangu."

Mghanga akalisoma tena lile jibu. Mkamburi alipewa jina la mama mzazi wa Mghanga, na tangu utotoni yeye humwita Mghanga "mwanangu". Neno "baba" hajamwita hata siku moja. Aliyesamehe ni mtoto wa watu huko.

Akanawa, akala. Mkewe alikuwa anacheka, na Mkamburi bado hajaombwa radhi.