Feni Isiwashwe

Feni zilipigwa marufuku ghalani tangu asubuhi, ingawa joto lilikuwa la kuchemsha bongo.

"Ukigusa hiyo swichi utanitambua," mkurugenzi alimwambia shemeji yake, kaka wa mkewe, aliyepewa kazi ya kutunza ghala kwa kuwa hakufaa kwa kazi nyingine yoyote.

Kampuni ya kuagiza na kusafirisha bidhaa ilikuwa na bango refu, nembo ya dunia yenye mabawa, na maboksi yaliyopangwa mpaka dari. Ndani ya maboksi hamkuwa na kitu. Upepo kidogo tu na yote yangekuwa chini. Mwekezaji kutoka ng'ambo asiposaini leo, mkurugenzi angerudi sokoni kuuza betri na viberiti, na mama mkwe angepata la kusema mpaka kiama.

"Na akigundua?" shemeji aliuliza.

"Nani, yule? Nimeona picha za ghala lake, limefurika. Mtu mwenye mali kiasi kile akili za nini? Anaajiri za wenzake. Wajinga ndio waliwao, shemeji."

Mgeni akafika, kavaa suti nzito, jasho linamtiririka. Mkurugenzi alimdharau kabla hata hawajaachiana mikono. Na kweli, mtu gani huyu? Hakuuliza bei, hakuuliza mzigo unakwenda wapi. Alichotaka ni kupigwa picha mbele ya maboksi, picha nyingi, akawaonyeshe wenzake huko kwao.

Shemeji, ambaye huruma ilimzidi akili, akamwonea uchungu. Mkono wake ukaenda kwenye swichi. Mkurugenzi aliruka kumzuia, lakini mgeni ndiye aliyewahi kuushika ule mkono.

"Acha tu, ndugu yangu. Joto nimelizoea."

Zuzu kamili, mkurugenzi aliwaza, akashusha pumzi.

Mkataba haukuwa na mengi: kila mmoja anampa mwenzake nusu ya kampuni yake. Mkurugenzi alisaini huku akiuma midomo asicheke. Nusu ya hewa kwa nusu ya mlima wa bidhaa! Mgeni naye akasaini upesi, akakunja nakala yake na kuitia mfukoni.

Walipokuwa wakitoka, mgeni alisimama kando ya safu ya mwisho. Akainama, akalisukuma boksi la chini kwa kidole kimoja. Likasogea, na mlima mzima ukayumba.

"Haya ya chini myatie mchanga," alimnong'oneza mkurugenzi, kwa upole kabisa. "Sisi kule kwetu tunatia, na feni tunawasha bila wasiwasi."