Tundu la Waya

Tangu miaka ya joto kali, sheria ilimtaka kila mtu aishi peke yake katika chumba cha baridi chenye kuta zilizojazwa sponji nene. Watu wa nyumba moja walizungumza kwa waya.

Waya wa Mzee Lembris ulipokatika, alitoboa ukuta ili apitishe mwingine hadi chumbani kwa binti yake, Nashipai. Ulikwama kwenye sponji. Akausukuma kwa ufito mpaka Nashipai akaudaka upande wa pili. Ndipo mzee akasikia kikohozi kizito tunduni.

“Unaumwa, mwanangu?”

“Tangu masika, Baba.”

“Mbona kila siku unaniambia u mzima?”

“Nakuambia naumwa. Waya ndio unaobadilisha maneno. Wazee hawatakiwi kutiwa hofu.”

Mzee aliweka mkono ukutani.

“Ziba, Baba,” Nashipai akasema. “Baridi inavujia ukutani.”

Mzee akaunganisha waya, akaliziba tundu kwa sponji, polepole. Taa ya waya ikawaka kuashiria anaitwa.

“Shikamoo, Baba. Mimi mzima kabisa,” ilisema sauti ya Nashipai, nyororo, bila kukohoa.

“Marahaba,” mzee akajibu, sikio kalibandika ukutani.