Viendeshi Viwili Mezani

Tangu kiharusi kimpooze mkono wa kulia, Ngwali hakuchonga tena mlango. Alijiundia mashine ya kumchongea, kwa reli za droo na mota za printa kuukuu, na leo ubao wa mninga ulikuwa umekwisha kufungwa chini ya kekee.

Kilichobaki ni kuchagua kiendeshi, kile kisanduku cha kuzisukuma mota hatua kwa hatua. Viwili vilikuwa mezani. Kile kidogo kilikuwa kipole, lakini kikikutana na ugumu mota huteleza, na ua zima linalochongwa likaenda kombo. Kile kikubwa kingeupita ugumu wowote, lakini kilikuwa na nguvu za kuziunguza mota zenyewe. Ngwali alikishika kile kidogo, akakirudisha, akakishika tena.

"Unaogopa nini?" aliuliza mkewe, Bishara.

"Mota zikiungua, sina nyingine."

"Mota zitatafutwa. Ubao huu je? Mti wake aliupanda baba yako, na ndio wa mwisho."

Ngwali akakisogeza kando kile kidogo, na Bishara akamsaidia kukaza nyaya za kile kikubwa.

Mashine ikanguruma. Ua la kwanza likatokea jani kwa jani, safi, hata Ngwali akajikuta anacheka. Halafu kekee ikaingia kwenye kifundo cheusi. Mngurumo ukawa mzito, na juu ya mota moja ukazuka uzi mwembamba, wa moshi au wa vumbi la mninga.

Bishara akanyoosha mkono kwenye swichi.

"Ngoja," Ngwali alinong'ona. "Mota zitatafutwa."