Uyoga Usio na Mwokotaji

Kwanza niliona mwandiko kwenye lebo ya bahasha, herufi zimelalia kushoto.

Uyoga wenyewe, ambao porini hutetemeka kama ute wa yai, ulikuwa umekauka ndani ya bahasha kama ganda la kitunguu. Karani wa makumbusho alikuwa hoi, ananakili lebo daftarini tangu asubuhi. Mimi mfagiaji nilikuwa nikimpitishia bahasha.

"Aliyeuokota nani?" akauliza.

"Haikuandikwa."

"Kwani hakuzaliwa na jina? Usio na mwokotaji hauingii daftarini. Tupa, binti, tukapumzike."

Marehemu mama alifagia chumba hiki kabla yangu, na Jumapili aliokota uyoga porini. Mwandiko ule ni wake. Humu hakuna aliyejua mimi ni binti yake.

Niliishikilia bahasha juu ya pipa, mkono ukagoma.

"Andika," nikasema. "Aliyeuokota ni mama yangu."