Blauzi ya Kumi na Mbili

Blauzi ya kumi na mbili ilitakiwa iwe pana tumboni, na Mado hakutaka kusema ni ya nani.

"Ni ya akiba tu, dada," alisema, akiweka kitenge juu ya cherehani ya Sidonie. "Ulegeze mu tumbo, vidole vinne hivi."

"Akiba ya nani? Chama iko na pirogi kumi na moja. Bamama kumi na moja."

"Weye shona tu. Maswali utaniuliza kisha ya sikukuu."

Sidonie akashona. Yeye ndiye fundi wa chama cha pirogi, yaani mitumbwi, cha Nyangwe, na kila mwaka, wiki moja kabla ya mashindano, wake za wapiga makasia humletea kitambaa kimoja awashonee sare. Chama chenyewe hakina makuu. Huvusha wagonjwa mto Lualaba bure, hufyeka majani kivukoni, hufundisha watoto kuogelea, halafu siku moja kwa mwaka watu hushindana na kula samaki mpaka wanashindwa kuinuka.

Lakini kina sheria moja isiyochezewa. Kila pirogi hubeba jina la mke wa mwenyewe, limeandikwa kwa rangi kwenye mbavu zote mbili, na siku inapoingia majini mke huyo huimwagia mafuta ya mawese puani. Mwanamke asiyemwaga mafuta si mama wa pirogi. Pirogi isiyomwagiwa haishindani.

Sidonie alimwaga yake miaka kumi na tisa iliyopita, mwaka uleule padri alipomfungisha ndoa na Salomon. Mtoto hakupata. Ndugu za mume walisema waliyoyasema, naye akayameza. Jina lake lilipanda na kushuka mto, na watoto wa wenzake walilisoma kwa sauti kabla hawajajua kusoma kitu kingine. Hilo lilimtosha. Mwaka huu pirogi ile ilipasuka, Salomon akachonga mpya.

Wasiwasi ulianzia hapo. Salomon aliifunika pirogi mpya kwa turubai na kumkataza mkewe kuisogelea. Akawa anasimama na Mado nyuma ya jiko la chama wakinong'ona, na Sidonie akitokea tu, wanaanza kuongea habari za chumvi. Mado! Waliokula sahani moja tangu usichana! Mjane wa miaka mitatu, pirogi ya marehemu mumewe ingali na jina lake, naye bado mzuri, na sasa anataka blauzi pana tumboni. Hapo ilihitaji akili gani kujumlisha?

"Utaandika jina langu?" Sidonie alimuuliza mumewe asubuhi moja.

"Weye naye, mama!" Salomon alicheka, akiosha brashi ya rangi. "Jina lako nitaliacha wapi?"

Hakumwamini. Zile kumi na moja alizishona machozi yakimdondokea kwenye kitambaa. Ile ya kumi na mbili aliishona kwa hasira, lakini aliishona vizuri kuliko zote, maana mkono wake haujui kushona vibaya hata ukitaka. Alipoikabidhi, Mado aliikunja haraka na kuitumbukiza kikapuni.

Jumapili, baada ya misa, kivuko kilijaa watu. Sidonie alikuja na kibuyu chake cha mafuta kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Kitu cha kwanza alichokitazama ni tumbo la Mado. Mado alikuwa amevaa blauzi ya saizi yake, kiuno chembamba kama siku zote, hana dalili yoyote.

Chadrack, rais wa chama, akaita, "Mama ya pirogi asogee!"

Salomon akavuta turubai. Pirogi ilikuwa imelala ubavu mmoja ukiwaelekea watu, mpya, ikinukia mti mbichi. Kwa herufi nyekundu, kubwa kuliko zile za zamani, iliandikwa SIDONIE.

Alisogea mbele akicheka na kulia kwa pamoja, akaimwagia mafuta puani, na watu wakapiga makofi. Aliporudi alimkumbatia Mado mbele ya wote.

"Unisamehe, ndugu yangu. Nilikuzania mubaya."

Mado alikuwa akitazama maji. "Usiniombe musamaha, dada," alisema. "Tafazali. Usiniombe."

Sidonie alidhani ni uchungu wa kushukiwa, akazidi kumkumbatia.

Wanaume wakaisukuma pirogi mpaka ikaelea, wakaigeuza ili pua ielekee upande mto unakotoka. Ubavu wake wa pili ukawaelekea watu waliosimama ufukoni. Makofi yalianza kupungua, moja moja. Salomon aliinama kushika kasia, akakaa hivyohivyo ameinama.

"Mama ya pirogi asogee!" Chadrack aliita tena, safari hii kwa sauti ndogo.

Sidonie akainua mguu. Wenzake wa sare walikwisha kufungua njia, lakini si kwake. Katikati yao alipita binti mmoja wa kijiji cha Lusangi na kibuyu cha mafuta mkononi, akashuka mpaka kwenye maji, chini ya herufi nyekundu zilizosema BENITA. Na blauzi ya kumi na mbili ilimkaa tumboni sawasawa, haina hata mkunjo mmoja.