Mume wa Uwanjani

Kwa siku tisa mfululizo Zena alimpokea mume mbele ya kijiji kizima cha Chilangala, na kwa siku tisa mume huyo aliharibu.

"Si hivyo!" alifoka siku ya kumi. Akamtua mzigo wa majani kichwani, akajitwika yeye. "Halfani akifika huanza kukohoa. Hivi! Halafu anauliza kuna nini chunguni, hata kuketi hajaketi."

Watu wakaangua kicheko. Mume huyo, mkondefu waliyemwita Safari kwa kuwa ndilo neno pekee alilojibu alipoulizwa jina, akajaribu. Alikohoa kama mbuzi aliyepaliwa na pumba.

Silvesta, mwalimu wa misheni aliyekuwa akipita kutoka Masasi, hakucheka. Alikwisha kuelezwa kwamba Halfani, mume wa Zena, alichukuliwa na Wadachi kubeba mizigo yao wakati wa vita vya Maji Maji. Sasa huu mwaka wa pili, na mjomba wa Zena amechoka kungoja: mchezo usipofaa leo, kesho mpwa wake anaozwa kwingine. Naye Zena hataki mwingine. Anamtaka Halfani, mlafi yule yule.

"Shikamoo, bibi," Silvesta alimnong'oneza Mwanakombo, mganga na fundi wa tiba ile ya mchezo.

"Marahaba, mwanangu."

"Si unamtonesha kidonda binti wa watu? Mwache alie, yaishe."

"Mizizi nimetoa, imeshindwa," fundi alijibu, macho yake uwanjani. "Kuna ugonjwa hautaki kunywewa dawa. Unataka kuchezwa."

Wakaanza upya. Safari akaja na mzigo wake, akakohoa, akasahau kuuliza habari za chungu. Zena akaketi chini, akalia kilio cha kweli. Mjomba akainuka, akakung'uta shuka yake.

Hapo fundi akapiga kofi moja. Nyuma ya nyumba akatokea Bi Sophia, mama yake Zena, ambaye siku zote zile alikatazwa kukanyaga pale. Akakatiza uwanja na mtungi kichwani, bila kumtazama mtu.

Safari akatupa mzigo. Akakurupuka, akajitosa kwenye mibaazi, akajikunyata humo, uso chini na matako juu.

Mjomba akaketi tena, taratibu.

"Huyu naye!" Silvesta sasa alikuwa hoi kwa kicheko. "Anajificha kama mtu aliyekutana na mama mkwe wake!"

"Ndiye mama mkwe wake," alisema fundi, akifuta machozi kwa ncha ya kaniki. "Mgonjwa wangu amemkumbuka."